Unene wa Ujana na Haraka Yetu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaa wetu alianguka kanisani, akazimia. Wazee walidhani ni malaria. Lakini alipozindukana alikiri ya kuwa kwa siku 3 alikuwa hajala kitu, kwa sababu wenzake walimcheka unene wake. Hatukumkemea. Sisi wenyewe tulipita njia hiyo hiyo ujanani, nasi twaona yafaa kuwasimulia ninyi wazazi na walimu, msije mkawaacha watoto wenu waipite peke yao.

Ilikuwa mwaka 2004. Tulikuwa na umri wa miaka 23, tumepewa kazi ya kufundisha katika kijiji kimoja wilayani Muheza. Utotoni tulitembea na kulima kila siku. Sasa tulikaa kitini. Jioni tulizuru nyumba za Wakristo, na kila nyumba ilitupa chai, maana kukataa chai ya mwenyeji ni kumvunjia heshima. Tulikunywa vikombe 5 kwa siku, kila kimoja vijiko 4 vya sukari. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4 hivi. Basi kwa chai peke yake tulikula gramu 80. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Lakini wakati ule watu walitusifu, "Mwalimu, umenawiri!" nasi tukafurahi, hata siku ile fundi cherehani aliposhindwa kulifunga koti letu la arusi. Mizani ya zahanati ilionyesha kilo 94, na kimo chetu ni sentimeta 168 tu.

Kwaresima ilikuwa imeanza. Tukaazimu kula mara moja kwa siku, na siku nyingine tusile kabisa. Watu walipouliza, tulijibu kwamba tumefunga. Jambo hilo latutia haya hata leo: tuliitwaa saumu tukaifanya pazia la koti.

Kwa wiki 4 tulipungua kilo 8. Lakini darasani tuliwakaripia watoto kwa makosa madogo, na usiku tuliota wali na samaki wa nazi. Tena katika miaka ile mtu akikonda ghafula, watu walinong'ona neno moja tu: UKIMWI. Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yamekwisha kusomwa mara mbili. Kabla ya lile la tatu, shangazi yake mchumba wetu akaja, akaketi, akasema, "Mwalimu, sikuja kukuaibisha. Binti huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Niambie kweli, u mzima?"

Tulikasirika, kisha tukaona ya kuwa amefanya haki. Tukaenda mimi na mchumba kupimwa, tukaonekana wazima sote wawili. Tangazo la tatu likasomwa. Lakini arusi ilipokwisha tukavirudia vyakula kwa pupa, na kabla ya miezi 4 kupita mizani ilionyesha kilo 96. Tukamwendea muuguzi wa zahanati, tukiwa tumeinamisha kichwa. Akatuambia, "Mwanangu, mwili si mwizi hata uupige. Ni mtoto; uongoze."

Baadaye tulisoma habari za vijana 36 wa Marekani waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao. Mwaka 1944 walijitoa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya bwana Ancel Keys, ili waganga wajue namna ya kuwalisha watu walioharibiwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 walipewa kama nusu ya chakula chao, wakapungua karibu robo ya uzito. Hawakuwa wanene, tena walikuwa watu wa moyo thabiti. Hata hivyo mawazo yao yakawa chakula tu, wakawa wepesi wa hasira. Walipoachiwa kula, wengi walikula wasishibe, na mafuta ya miili yao yakazidi yale ya kwanza. Basi tukafahamu kwamba pupa yetu haikuwa ulafi tu. Ni mwili ulioogopa njaa.

Mara ya pili tulikwenda polepole. Sukari tuliipunguza kijiko kimoja kila mwezi, tukawaeleza wenyeji wetu mapema, wala hakuna aliyechukizwa. Mafuta tukayapima kwa kijiko, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya sukari 4. Nusu ya sahani ikawa mchicha au kisamvu, na ugali ukapewa robo yake. Baiskeli tukaiacha, tukaenda shuleni kwa miguu. Ziko wiki ambazo mizani haikusogea hata kidogo, tukasikitika, lakini hatukuacha kula. Mwaka ulipotimia tulikuwa kilo 84. Wembamba hatukuupata, lakini kilima cha kanisa tulikipanda bila kuhema.

Basi, ndugu zetu, msiwacheke vijana wanene, wala msisifu kila kukonda. Anayekonda bila kukusudia na apelekwe hospitali. Na mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa asifunge bila shauri la mganga. Mkumbukeni Elia chini ya mretemu, alipokuwa ameishiwa nguvu: malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena, na ndipo safari ndefu ilipoanza.

Yule kijana wetu sasa huja kwetu kila Jumamosi, tukaenda pamoja kwa miguu hadi mtoni na kurudi. Asubuhi, kabla ya kutoka, twamwuliza kwanza kama amekula.