KOMPYUTA YAMEZA RIPOTI YA MCHUMBA!

Wiki hii naomba usinicheke, maana yaliyonikuta Jumamosi iliyopita simwombei hata adui yangu.

Laptopu yangu ni ya zamani, niliinunua mkononi kwa mtu pale Kariakoo. Humo ndani inaishi mifumo miwili: Windows kwa ajili ya gemu na muziki, Ubuntu kwa ajili ya kazi. Ukiiwasha inakuuliza leo unataka upande gani. Diski ni moja tu, ila imekatwa vyumba kama nyumba ya kupanga. Wenye fani yao wanaviita patisheni.

Sasa mchumba wangu yuko chuo, mwaka wa mwisho. Laptopu yake ilikufa, ikabidi ripoti yake ya utafiti aje kuiandikia kwangu, upande wa Ubuntu. Kurasa 62! Jumatatu saa nne asubuhi inatakiwa mezani kwa msimamizi wake. Kopi nyingine? Haikuwepo.

Mimi na kiherehere changu, nikaona upande wa Windows umejaa. Mshikaji mmoja akanipa kwenye flashi programu ya kupanua vyumba, akaapa kwamba ni mambo ya dakika tano. Nikaiingiza, nikawa nabonyeza "ndiyo" kila iliponiuliza bila kusoma (nani anasoma?). Ikajizima. Ilipowaka, skrini nyeusi na maandishi meupe: "grub rescue". Ubuntu hakuna, Windows hakuna. Kijasho chembamba kikanitoka!

Nikakimbilia kwa fundi wa mtaani. Akaichungulia, akasema diski imekuwa nyeupe, tufomati tuweke Windows mpya, elfu thelathini tu. Kilichoniokoa, msomaji wangu, ni kwamba elfu thelathini sikuwa nayo.

Pale ninapopanga kuna kaka mmoja mpole, kazi yake ni kompyuta. Nikamgongea mlango usiku ule ule. Akaniambia, "Dogo, vyumba hujapoteza, umepoteza orodha." Kumbe diski za mtindo wa zamani kama yangu, za MBR, zina kipande cha baiti 512 mwanzoni kabisa. Ndani yake baiti 64 tu ndiyo orodha ya vyumba: nafasi 4, kila moja baiti 16, ikisema chumba kinaanzia wapi na kina ukubwa gani. Basi! Programu yangu iliivuruga orodha hiyo, lakini vitu vyenyewe vilikuwa bado vimelala palepale, mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kwa maana hiyo yule fundi angeweka Windows yake juu ya jasho la mchumba wangu! Za kisasa, za GPT, angalau zina nakala ya orodha mwishoni mwa diski. Ila kama ni SSD ukaifomati, mara nyingi inaambiwa isafishe kabisa, hapo hata mganga hakusaidii.

Kaka akaiwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuandika chochote kwenye diski, akafungua TestDisk. Hii ni programu ya bure, aliyeiandika ni Mfaransa, Christophe Grenier. Ikaanza kupita diski nzima ikitafuta alama ambazo kila chumba huwa nazo mlangoni. Mimi nakula kucha. Mpaka saa nane usiku vyumba vikawa vinajitokeza kimoja kimoja. Nikataka tubonyeze "Write" haraka orodha irudi, akanipiga kibao cha mkono. Tukaingia kwanza chumbani kwa herufi P, tukaliona faili, tukalikopi kwenye flashi nyingine. Ndipo akaiandika orodha. Kuirudisha GRUB ili milango yote miwili ifunguke, hiyo ilikuwa kazi ya Jumapili.

Siku mbili zote hizo mchumba anapiga simu, "Umeshaniprintia?" Namjibu steshenari wino umeisha. Jumatatu saa tatu na nusu nikamkabidhi kurasa zake 62. Akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema mbu.

Gazeti hili halikosi kulisoma, kwa hiyo leo ndiyo anajua. Simu nimeizima.