Baada ya Isha: Utangulizi

Tumezoea kuuliza waandishi wa Unguja waliandika nini. Somo linalofunguliwa hapa lina swali jingine: walipokuwa hawaandiki walikuwa wakifanya nini, na wakifanya na nani? Swali linaonekana jepesi, hata la umbea kidogo. Lakini ukilifuata utaona kwamba tungo nyingi za kisiwa hiki zilizaliwa pale watu walipokutana kwa jambo jingine kabisa: kupiga udi, kukusanya vitendawili, kuandaa lelemama, au kukaa barazani tu na kahawa chungu. Ndiyo maana naona mwandishi wa Unguja asisomwe peke yake. Asomwe pamoja na wenzake, na wenzake waulizwe ni kitu gani kilichowakutanisha.

Mwanafunzi mgeni namshauri aanzie Forodhani. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Jua likielekea kuzama, vijana wa makachu wanapiga mbio na kujirusha baharini, wachoma mishkaki wanapuliza mikaa, na foleni ya urojo inaanza kujikunja. Watalii huangalia hayo, na wana haki yao. Mwanafunzi wetu aipe bahari mgongo. Mbele yake iko Ngome Kongwe, inapokutana hadhira ya Tamasha la Filamu la Zanzibar tangu 1998 na ya Sauti za Busara tangu 2004. Pembeni yake iko Beit el Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Akiifuata Mizingani kwa miguu atalifikia Jumba la Forodha la zamani, ambamo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifungua milango yake 2002 na kuanza kufundisha ganuni, udi na ngoma kwa vijana ambao babu zao walijifunza kwa kukaa pembeni ya wakubwa na kusikiliza. Hapo ameshaliona eneo letu la utafiti karibu lote, na bado hajafika Malindi wala Vuga.

Malindi na Vuga ni majina ya mitaa, lakini kwa wapenzi wa taarab ni majina ya vikundi. Cha kwanza ni Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa 1905. Cha pili ni Culture Musical Club, cha 1958. Ikhwani walichukua jina la jamaa wa wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, walioandika risala 52 za elimu mbalimbali, na mojawapo ya risala hizo ni ya muziki. Sijui jambo linalolieleza somo letu vizuri zaidi ya hilo. Kabla ya Ikhwani inasimuliwa habari ya Mohamed Ibrahim, aliyepelekwa Misri na Seyyid Barghash kujifunza ganuni ili muziki wa kasri upate fundi wake. Ilipoingia karne ya 20 muziki huo ulikuwa unatoka kasrini na kushikwa na watu wa kazi za mchana: makarani, mafundi cherahani, walimu, wavuvi.

Hapa pana utajiri, kwa hiyo tukae kidogo. Wimbo wa taarab ya kale unatengenezwaje? Kwa kawaida mtunzi huleta karatasi. Mara nyingi ni beti chache, mistari mitatu kila ubeti, vina kati na vina mwisho. Mtunzi huyo huenda hajui kupiga chombo chochote, na si lazima awe mwanachama. Karatasi hukabidhiwa mwenye kipaji cha kutia sauti, naye hukaa na udi wake mpaka maneno yapate njia. Wakati mwingine hurudi kwa mtunzi na kumwambia neno fulani halikai: mizani imetimia kwenye karatasi lakini mdomoni linakwama. Mtunzi akubali au abishe. Zipo beti zilizobadilika kwa ubishi wa namna hiyo. Ndipo waingie wapiga fidla, akodiani, nai, dumbaki na rika, na mwimbaji aanze kuyashika maneno kwa moyo. Kazi yote hiyo hufanyika usiku, watu wameshatoka kazini, wameshasali isha na kula, na hakuna anayelipwa.

Siku ya onyesho huingia mwandishi wa ziada. Msikilizaji anainuka kitini, anakwenda mbele kwa mwendo wa maringo, noti mkononi, amechagua mstari mmoja tu wa kumtunza mwimbaji. Ukumbi mzima unageuka kuangalia jicho lake limeelekea kwa nani. Maneno aliyoyaandika mtunzi kuhusu waridi au chombo kilichokwenda mrama sasa yana jina la mtu, naye yumo humo ukumbini. Mhakiki anayesoma wimbo huo kwenye kitabu bila kuujua usiku huo, kwa maoni yangu, amesoma nusu yake. Diwani zetu nyingi zimechapwa bila kutaja aliyetia sauti, na hilo ni kosa la wahariri, mimi nikiwemo katika kundi hilo kwa kazi.

Mfano mkubwa wa ushirika huu ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo huwezi kuandika historia ya fasihi ya Unguja ukamruka, na Shaaban Robert aliliona hilo mapema akamwandikia wasifu. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa mahali ambapo habari za mji zilijadiliwa na wenzake wa muziki, zikageuzwa nyimbo, zikajaribiwa mbele ya majirani. Mwaka 1928 alikwenda na kikundi chake Bombay kurekodi sahani za santuri, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa kwa muziki huu wa Kiswahili. Wimbo wao maarufu kuhusu Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa baada ya kuchukuliwa kwenda ngomani. Mtuhumiwa akavuka bahari na kutoweka bara, na sheria ikawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja ni mlango mzuri wa kuingilia somo hili, ameonyesha namna nyimbo kama huo zilivyokuwa gazeti na mahakama ya watu wa Ng'ambo. Nakubaliana naye, kwa tahadhari moja: tusiigeuze kila starehe kuwa maandamano. Watu wa Ng'ambo walipenda pia kufurahi tu.

Starehe nyingine ilikuwa utafiti wenyewe. Walimu wa skuli za Unguja, wakiwa na jarida lao la *Mazungumzo ya Walimu*, walizoea kukusanya methali, desturi na habari za kale kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Hapo ndipo mtu ampime Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Wengi wanamjua kwa tafsiri yake ya Qurani na kwa ukadhi wake, Unguja na baadaye Kenya. Wachache wanakumbuka kwamba mwanachuoni huyohuyo aliandika kitabu kizima juu ya ada za harusi za Unguja: posa, mahari, fungate, nani anampelekea nani nini na kwa sinia gani. Hakuna aliyemlazimisha. Ukikisoma unamwona mtu aliyekuwa akisikiliza kwa makini mazungumzo ya wanawake wa nyumba yake, na ndiyo maana napenda kukitia katika fasihi badala ya kukiacha kwenye rafu ya mila na desturi.

Farouk Topan, mzaliwa wa hapa, alipitia njia inayokaribiana na hiyo. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, uliokamilika London 1971, ulihusu nyimbo za uganga wa pepo huko Mombasa. Miaka hiyohiyo alikuwa akiandika tamthilia: *Mfalme Juha* ikatoka 1971, *Aliyeonja Pepo* 1973. Sidai kwamba tamthilia zimetoka moja kwa moja kilingeni. Nadai kwamba aliyekaa usiku kucha akisikiliza mganga akijibizana na pepo kwa kinywa cha mgonjwa amejifunza mambo ya jukwaa ambayo darasani hayafundishwi.

Mohamed Said Abdulla nampitia haraka kwa kuwa yeye amekwisha kuandikwa sana. Alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri, na riwaya yake ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapwa 1960, ina mpelelezi anayeingia nyumba za watu na kuona kile wenyewe wamezoea kutokiona. Mwenye kutaka kuunganisha mambo hayo mawili aunganishe.

Haji Gora Haji ndiye ninayemrudia kila nikianza kufundisha somo hili. Alizaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki 2021. Elimu yake ilikuwa ya chuoni, ya kuhitimu Qurani. Maisha yake yalikuwa ya bahari na kazi za nguvu. Tungo zake ziliimbwa na vikundi vya taarab kabla ya wasomi kumgundua, na diwani yake *Kimbunga* ilitolewa na TAKILUKI mwaka 1994. Mtu angetosheka hapo. Yeye akaendelea kukusanya maneno ya kisiwani kwao, na mwaka 2006 BAKIZA ikachapisha *Kamusi ya Kitumbatu*, kazi yake. Wanafunzi wangu hushangaa mshairi kuandika kamusi. Sioni la kushangaza. Mshairi wa aina yake hukaa na neno mpaka alijue lilikotoka, na wenzake barazani humsahihisha akilikosea. Kamusi ni baraza hilo likiwa limeandikwa kwa mpangilio wa alfabeti.

Hadi hapa nimetaja wanaume wengi, na msomaji wa kike ana haki ya kuuliza. Baraza ni la wanaume, na vitabu vilivyoandikwa barazani vina macho ya barazani. Lakini ushahidi wa upande wa pili upo. Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, anaeleza katika kumbukumbu zake za 1886 kwamba wasichana walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa mweupe wa bega la ngamia, uliokuwa ndio ubao wa wanafunzi wa zama zile. Baada ya hapo fikiria vyama vya lelemama na ushindani wao wa nyimbo na sare. Fikiria kanga na jina lake: maneno machache yaliyochaguliwa dukani kwa makini kuliko kitambaa chenyewe, yakavaliwa siku mahsusi mbele ya jirani mahsusi. Majina ya kanga yametoka kwenye nyimbo, na nyimbo zimetoka kwenye majina ya kanga, hata haifai kuuliza kipi kilitangulia. Siku hizi wanawake wanashika riwaya pia. *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon ni kitabu ambacho nisingependa mwanafunzi amalize mwaka bila kukisoma.

Kuhusu kidumbak na taarab ya kisasa, wakubwa wetu wana ukali. Kidumbak, yenye sanduku, fidla na vidumbak viwili, huokota maneno ya nyimbo za watu na kuyaunganisha arusini bila kuomba ruhusa. Rusha roho, yaani taarab hiyo ya kisasa, nayo imelaumiwa kwa kusema waziwazi kilichokuwa kikifumbwa. Malalamiko hayo nayaheshimu, ila mtafiti hana ruhusa ya kuyafanya ukuta. Mwenye kukataa kwenda kwenye kidumbak hatajua maneno ya Malindi yalisafiri vipi mpaka Makunduchi.

Sasa kwa mwenye nia ya kuingia. Usianze na kinasa sauti. Anza kwa kuhudhuria mazoezi, ukae nyuma, ukitumwa kahawa uende. Jifunze chombo kimoja hata kama vidole ni vigumu, kwa sababu maswali utakayouliza baada ya hapo yatakuwa mengine. Ukipewa wimbo, andika majina matatu: aliyetunga, aliyetia sauti, aliyeimba kwanza. Wazee wakipingana, andika kupingana kwao. Mambo ya nani alimkusudia nani usiyachapishe bila idhini, kwani wahusika au watoto wao bado wanaishi mtaa mmoja. Kisha nenda Nyaraka, Kilimani, uone karatasi za serikali zilisema nini kuhusu ngoma hiyohiyo, ukijua kwamba karani aliyeandika ripoti mchana huenda usiku alikuwa akipiga fidla.

Jambo moja haliwezi kungoja wanafunzi wahitimu. Nyimbo nyingi za vikundi vyetu zimo kwenye madaftari ya skuli yaliyoandikwa kwa mkono, mengine kwa hati za Kiarabu, na yamewekwa makabatini na chini ya vitanda katika nyumba zenye unyevu wa bahari. Walioyaandika wanaondoka. Ikiwa kwenu liko daftari la baba, la bibi au la mjomba aliyekuwa mtu wa kikundi, litafute wiki hii, piga picha kurasa zake moja moja, andika jina la mwenyewe na mtaa wake juu ya ukurasa wa kwanza, kisha umwonyeshe mzee mmoja ambaye bado anazijua sauti zake.