Tope la Ghuba ya Murchison

Kampala haina bahari wala mtambo wa kuondoa chumvi majini. Hata hivyo, tatizo la ndugu zetu wa Oman tunalo hapa Luzira kwa sura nyingine. Mitambo yao, kama ule wa Barka, huchota maji ya bahari, hutoa ya kunywa, na yaliyobaki, yenye chumvi kali, hurudishwa baharini. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa dunia nzima humwaga lita bilioni 142 za maji hayo kila siku. Kwa kuwa ni mazito, yasipochanganywa vizuri huzama na kutambaa sakafuni. Samaki atahama, lakini chaza na mnyoo hawana pa kwenda.

Maji yetu hayana chumvi, yana kinyesi. Mtaro wa Nakivubo hupita soko la Owino na eneo la viwanda, ukibeba maji ya mvua, takataka na uchafu wa vyoo vya mabondeni, kisha huingia kwenye kinamasi na kutokea Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ambayo sehemu yake ya ndani ina kina cha mita chache tu. Mtambo mpya wa majitaka wa Bugolobi umepunguza mzigo, lakini husafisha kile tu kinachoufikia, na wakazi wengi wa jiji hili wanatumia vyoo vya shimo.

Ukizamisha kichoteo cha tope karibu na mdomo wa mtaro, kinaweza kuibuka na tope jeusi linalonuka yai viza. Harufu hiyo ni dalili kwamba oksijeni imekwisha: bakteria wameitumia kuozesha uchafu, na sasa wengine wanapumua salfeti. Hapo konokono na viumbe wengine wanaohitaji hewa hupungua, wakabaki minyoo myembamba na mabuu mekundu ya visubi. Wekundu wao ni himoglobini, ya jamii moja na ile iliyomo kwenye damu yetu, inayowasaidia kunasa oksijeni kidogo iliyobaki. Mtu akiwaona wamejaa atadhani pana uhai tele. Mimi huusoma wingi huo kama cheti cha ugonjwa.

Tope hilo halikai kimya. Fosforasi iliyoshikwa na chuma huachiliwa oksijeni inapokwisha, ikapanda na kulisha mwani. Mwani ukifa huzama, ukaoza, na oksijeni ikazidi kupungua. Ukiwa hai huziba vichujio vya mtambo wa maji wa Ggaba, kilomita chache tu kutoka hapo, na gharama ya dawa za kusafisha maji hupanda. Ndiyo sababu mojawapo iliyolipeleka Shirika la Taifa la Maji hadi Katosi, wilayani Mukono, kujenga mtambo wa lita milioni 160 kwa siku.

Kinga ya bei nafuu ilikuwapo. Mizizi ya mafunjo husukana ikawa mkeka unaoelea, maji machafu yakapita chini yake polepole na kuacha tope. Mwaka 1999 wachumi walikadiria thamani ya kinamasi cha Nakivubo kuwa dola milioni 1 hadi 1.75 kwa mwaka, sehemu kubwa ikitokana na usafishaji huo. Pakilimwa magimbi, mkeka hutoweka na maji hukimbilia ziwani.

Kwa hiyo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na wenzao wanapopima ghuba, wasiishie kwenye chupa ya maji ya juu. Wapime oksijeni ya sakafuni, wahesabu wanaoishi kwenye tope, na matokeo yabandikwe Ggaba na Port Bell, wavuvi wayasome.