Kwa Nini Wakutubi Huunda Vyama

Mwanafunzi anayetafuta vitabu vya Shaaban Robert katika katalogi ya maktaba hukutana na swali ambalo pengine hakulitarajia: je, atazame chini ya herufi S au chini ya herufi R? Mwandishi huyo, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, jina lake lilikuwa Shaaban. Robert lilikuwa jina la baba yake. Kwa desturi ya Waingereza jina la mwisho ni la ukoo, nalo ndilo linalotangulizwa katika orodha. Kwa desturi ya pwani ya Afrika Mashariki jina la mwisho aghalabu ni la baba, na mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe. Maktaba moja ikimweka chini ya R na nyingine ikimweka chini ya S, vitabu vyake vimo katika maktaba zote mbili. Hata hivyo msomaji aliyezoea utaratibu wa maktaba ya kwanza huweza kutoka katika ile ya pili akiamini kwamba havimo.

Mkutubi mwerevu ataona tatizo hilo katika juma lake la kwanza la kazi, na atalitatua kwa namna yake. Tabu ni kwamba mwenzake wa mji wa pili naye ni mwerevu, na atalitatua kwa namna nyingine. Suluhisho mbili zilizo njema, kila moja kwa upande wake, humpotosha msomaji kuliko suluhisho moja lenye kasoro linalofuatwa na wote. Hapo ndipo asili ya chama cha wakutubi inapoonekana. Si chama cha kuzikana wala cha kudai mishahara tu, ingawa mambo hayo nayo yana nafasi yake. Ni mahali ambapo watu wa kazi moja huafikiana juu ya mambo yasiyoweza kuamuliwa na mtu mmoja.

Swali la majina lilifikishwa mbele ya dunia mwezi Oktoba 1961, katika mkutano uliofanyika mjini Paris kuhusu kanuni za katalogi. Mkutano huo uliandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba, lijulikanalo kwa kifupi kama IFLA, lililoanzishwa mjini Edinburgh mwaka 1927. Wajumbe kutoka nchi 53 walikubaliana kwamba jina la mwandishi lenye maneno kadhaa liorodheshwe, kadiri iwezekanavyo, kwa kufuata desturi iliyoafikiwa katika nchi ambayo mwandishi ni raia wake. Kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa haimlazimishi Mswahili, Mhabeshi au Mmalai kuvaa jina la ukoo la Kizungu. Lakini yafaa kulitazama vizuri neno moja lililomo ndani yake: desturi “iliyoafikiwa”. Imeafikiwa na nani? Dunia haikumwuliza mkutubi mmoja mmoja. Iliacha kiti kwa kila nchi, na kiti hicho hukaliwa na wakutubi wa nchi hiyo waliokwisha kukutana na kusema kwa sauti moja. Kikibaki kitupu, majina ya waandishi wa nchi hiyo hupangwa na watu wa mbali, kwa kukisia.

Kadi na droo yake

Vyama vya namna hii si vya kale sana. Tarehe 4 Oktoba 1876 watu 103, wanaume 90 na wanawake 13, walikutana mjini Philadelphia nchini Marekani, na kabla ya kuagana walikuwa wameunda Chama cha Maktaba cha Marekani. Mwaka uliofuata Waingereza waliunda chao mjini London. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele huko Philadelphia alikuwamo kijana wa miaka 24 aitwaye Melvil Dewey, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametoa mfumo wake wa kuainisha vitabu kwa nambari, mfumo ambao wanafunzi wengi wa sekondari huuona hata leo migongoni mwa vitabu.

Moja ya kazi za awali za chama hicho huweza kuonekana kuwa ya kuchekesha: kupatana juu ya ukubwa wa kadi. Wakati huo kila maktaba iliandika orodha yake katika daftari au katika kadi za kipimo ilichokipenda. Chama kilipitisha vipimo rasmi, na kimojawapo, sentimita 12.5 kwa 7.5, ndicho kilichoenea duniani. (Kwamba Wamarekani, wanaopima kwa inchi hadi leo, walikubali kadi ya sentimita si ajabu: Dewey alikuwa mpiganiaji mkubwa wa vipimo vya metriki.) Kadi zote zilipokuwa na kipimo kimoja, droo za makabati nazo zikawa na kipimo kimoja. Droo zilipofanana, kadi iliyoandikwa katika mji mmoja iliweza kuingia katika droo ya mji mwingine bila kukatwa wala kukunjwa. Na kadi ilipoweza kusafiri, haikuwa lazima tena kila maktaba iandike upya maelezo ya kitabu kilekile. Kuanzia mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapa kadi zake na kuziuzia maktaba nyingine. Kitabu kikaorodheshwa mara moja na mtaalamu mmoja, na maktaba nyingi zikafaidika.

Yafaa mwanafunzi wa sayansi alitafakari jambo hilo, kwa maana halitofautiani na lile la nati na bolti. Fundi wa Mwanza hununua nati iliyotengenezwa Ulaya nayo ikaingia katika bolti iliyotengenezwa Asia, si kwa sababu viwanda hivyo vinapendana, bali kwa sababu kuna watu waliokaa wakaafikiana kipimo. Kadi zenyewe zimepitwa na wakati, na makabati yake katika maktaba nyingi sasa ni pambo. Lakini rekodi ya kompyuta ambayo leo hupita kutoka maktaba moja hadi nyingine kwa nukta chache hufuata njia iliyolimwa na ile kadi ya sentimita 12.5.

Wala chama hakifungwi daima na mwasisi wake. Dewey, pamoja na kipawa chake, alikuwa na sifa mbaya: aliwabagua Wayahudi na watu weusi, na wanawake walilalamikia mwenendo wake kwao. Mwaka 2019 baraza la chama kilekile alichosaidia kukiunda liliamua kuliondoa jina lake katika nishani iliyokuwa ikitolewa kwa heshima yake. Mfumo wake wa nambari nao una upogo usiofichika. Katika fungu la lugha, Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Lugha za Afrika zimebanwa katika 496, na Kiswahili kikapata 496.392, tarakimu sita zinazojaza ubavu wa kijitabu chembamba. Katika fungu la dini, Uislamu wote uliwekwa katika 297, hali Ukristo umeenea kuanzia 220 hadi 280. Mfumo huo hufanyiwa marekebisho mara kwa mara na wahariri wake, na wahariri husikiliza hoja. Barua ya mkutubi mmoja wa Tanga au Mombasa huweza kusomwa na kuwekwa kando. Maoni ya chama cha taifa ni vigumu zaidi kuyaweka kando.

Afrika Mashariki

Katika sehemu hizi chama cha kwanza kilikuwa cha nchi zote kwa pamoja. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1956, wakati ambapo maktaba zilikuwa chache na wengi wa wakutubi wenye mafunzo walikuwa wageni. Mwaka 1960 Sidney Hockey alitoa ripoti juu ya maendeleo ya maktaba, akipendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba kwa mujibu wa sheria. Sheria hizo zilipitishwa moja baada ya nyingine: Tanganyika mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Mwaka 1963 pia kilifunguliwa Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki huko Makerere, na vijana wa nchi hizi wakapata mahali pa kujifunza kazi hiyo bila kuvuka bahari. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama hicho kimoja kiligawanyika, kila nchi ikawa na chake. Kenya kilitoa jarida liitwalo Maktaba, Tanzania kikatoa Someni. Mtu angeweza kudhani kwamba ushirikiano ndio umekwisha. Kinyume chake, mwaka 1974 wakutubi wa nchi hizi walikutana Dar es Salaam na kuanzisha mkutano wa kudumu, ambao baadaye ulipanuliwa ukazikusanya nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Reli, posta na shirika la ndege la pamoja viligawanywa. Mkutano wa wakutubi haukuvunjika. Mwaka 1984 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano mkuu wa IFLA, na mwaka 2013 kikaundwa chombo cha bara zima, chenye makao yake mjini Accra.

Anachopata mwanachama

Katika shule nyingi za sekondari maktaba hukabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake vya Historia au Biolojia. Hupewa ufunguo, kitabu cha kuandikia waazimaji na pengine masanduku ya vitabu vya msaada ambavyo havijafunguliwa. Kazi aliyopewa ni ya kitaaluma, lakini hana mwenzake wa kumwuliza. Atawekaje mpangilio ambao mwalimu atakayemfuata hataubomoa? Atupe ensaiklopidia ya mwaka 1962 au aihifadhi? Mzazi akitaka kitabu fulani kiondolewe rafuni, amjibu nini?

Kwa mtu kama huyo uanachama huwa na faida ya waziwazi. Maswali yake yamekwisha kuulizwa na wengine, na mengi yamejibiwa. Chama huendesha semina fupi ambapo mtu hujifunza kuainisha na kutengeneza katalogi kwa mikono yake mwenyewe. Huweka maadili ya kazi, kama vile kutotangaza siri ya nani ameazima nini. Chama cha Marekani kilipitisha tamko la haki za msomaji tangu mwaka 1939, na mkutubi anayeshinikizwa huweza kusimama nyuma ya tamko la namna hiyo badala ya kusimama peke yake. Kadhalika wanachama hufahamiana, na kufahamiana kwao huleta vitabu: maktaba isiyo na kitabu fulani cha kemia hukiazima kutoka kwa ile iliyo nacho, na barua ya kuomba huandikwa kwa mtu, si kwa jengo.

Haifai, hata hivyo, kuvisifu vyama kupita kiasi. Chama kidogo huweza kutegemea watu wanne au watano wanaojitolea baada ya saa za kazi. Mmoja akihama, jarida husimama kwa miaka. Mikutano hupenda kufanyika katika miji mikuu, na nauli ya mwalimu wa wilayani huwa kubwa kuliko ada yake ya mwaka. Wapo pia wanaolipa ada kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani. Anayejiunga afadhali aulize kwanza chama kina kamati gani zinazofanya kazi, na kama ipo inayoshughulikia maktaba za shule. Isipokuwapo, walimu watatu au wanne wakiiomba kwa pamoja wanaweza kuipata.

Suala la majina, kwa upande wake, limepata uzito mpya. Kanuni za Paris zilirithiwa na nyingine mwaka 2009, nazo bado zinahimiza desturi za nchi ya mwandishi. Maktaba za mataifa mengi sasa zimeunganisha orodha zao za majina ya waandishi kwa kompyuta, hivyo jina likiingizwa vibaya mahali pamoja huweza kunakiliwa kwingi katika siku hiyohiyo. Waandishi wa Kiswahili wanaongezeka: wenye jina la baba, wenye jina la babu, wenye jina la ukoo, na wengine ambao hutumia jina moja katika mashairi na jingine katika vitabu vya shule. Mwalimu wa Kiswahili huwajua waandishi hao kuliko mtaalamu wa katalogi aliye ng’ambo, na kamati ya chama inayoandaa orodha ya majina yao ina haja naye.