Safari ya Tamasha: Anza na Kalenda, Sio na Ndege

Kila mbogi iko na hiyo grupu ya WhatsApp. Iliundwa Desemba, mtu akatuma picha ya bahari, kila mtu akaweka emoji ya moto, na kufikia Machi grupu inatumika tu kuuliza ni nani ako na chaja. Safari ilikufa bila mtu kuiua.

Mimi nimekuwa kwa grupu tatu za aina hiyo. Yenye ilifika mahali ni moja tu, na tofauti haikuwa doo, juu wote tulikuwa tumesota vile vile. Tofauti ni kwamba hiyo moja ilikuwa na tarehe yenye hatungeweza kusongesha. Tulikuwa tunaenda tamasha.

Bahari itakungoja. Ukikosa mwezi huu utaenda ule mwingine, na ndio maana huendi. Lakini tamasha la siku nne likipita limepita, hadi mwaka ujao. So ukishachagua lako, unahesabu kurudi nyuma: shoo ya kwanza ni lini, lazima nifike lini, nitoke Nairobi lini, karatasi ziwe tayari lini, hadi ujipate umefika leo. Wasee wengi hufanya kinyume. Wanaona tiketi ya ndege iko bei poa, wanairukia, halafu wanatua kwa mji umenyamaza na jukwaa lilibomolewa wiki jana.

Wacha nichukue mfano wa karibu, penye ukikosea hasara haikumalizi: Sauti za Busara, Zanzibar.

Kuhesabu kutoka Februari

Hii tamasha ilianza 2004, na hufanyika Februari ndani ya Mji Mkongwe, ule wengi wetu tunaita Stone Town. Jukwaa kuu huwa Ngome Kongwe, boma lenye Waomani walijenga baada ya kuwafurusha Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kuta za mawe pande zote, nyota juu, na muziki wote unapigwa laivu. Hakuna mambo ya msanii kuja na flash, wimbo ufunguliwe, yeye kazi yake ni kuinua mikono. Hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu Umoja.

Sasa hesabu. Kitu ya kwanza ni pasipoti. Wakenya hatuhitaji viza kuingia Tanzania, na hapo ndipo wengi hulala, juu kutohitaji viza sio kutohitaji karatasi. Uganda na Rwanda unaweza kuingia na kitambulisho chako cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo kwa huo mpango. Huko unahitaji pasipoti ama kibali cha muda cha kusafiria cha Afrika Mashariki. Kama yako imeisha, hiyo ndio unaanza nayo, miezi kabla. Foleni ya pasipoti haijui kuna shoo.

Ya pili ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya unaitishwa. Na hii ndio watu hawajui: baada ya kudungwa, kadi inaanza kuhesabika siku ya 10. Ukidungwa Jumatatu na basi ni Alhamisi, uko na kadi lakini bado haijaiva. Uzuri ni kwamba tangu 2016 hiyo kadi ni ya maisha. Unadungwa mara moja, umemaliza.

Hapa ndipo tulipoteza mtu. Jamaa wetu mmoja alikuwa amelipa chumba, ako na tiketi ya tamasha, amenunua hadi shati ya maua. Chanjo alidungwa siku nne kabla ya safari. Pale mpakani aliambiwa asimame kando angoje. Basi haingoji mtu. Tulimwona kwa dirisha akizidi kuwa mdogo, bag mgongoni, na hizo siku zingine zote alitutazama kwa status.

Ya tatu ni kitanda, na hapa watu hubishana na mimi: lipia mahali pa kulala kabla ya usafiri. Mji Mkongwe ni mdogo, unauzunguka kwa miguu, na wiki ya tamasha vyumba vinajaa kutoka katikati kwenda nje. Ukichelewa unalala mbali, kila usiku unalipa teksi, na ile chumba ya bei rahisi inakuwa ghali kuliko ya karibu. Basi za Dar ziko kila siku. Vitanda karibu na Ngome haviongezeki. Tafuta chumba yenye unaweza kufuta bila kukatwa, uishike mapema, ndio ukae ukitafuta nauli na roho safi.

Usafiri wenyewe: basi kutoka Nairobi kupitia Namanga na Arusha hadi Dar inakula karibu siku nzima, halafu kuna boti ya kasi ya kama saa mbili hadi Unguja. Usipange kufika Dar saa ile boti ya mwisho inang'oa nanga. Basi ikichelewa Namanga, unalala Dar bila kupanga. Weka siku moja ya akiba ya kwenda na moja ya kurudi. Najua off ni chache. Lakini kama shoo inaisha Jumapili usiku na unafaa kuwa job Jumatatu asubuhi, hiyo si safari, hiyo ni barua ya kujieleza.

Tiketi ya tamasha huuzwa kwa ngazi: Watanzania, Waafrika wengine, halafu wageni wa kutoka mbali. Beba pasipoti ukienda kuichukua ndio usilipishwe bei ya mzungu. Na kama mfuko umekauka kabisa, kwa kawaida tamasha hufunguliwa na gwaride la ngoma linalopita mitaani. Hilo halina geti.

Kitu moja zaidi, na hii hata wenye hupanga vizuri huwapita. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii imefika Februari. Mchana wa Ramadhani Mji Mkongwe unabadilika kabisa, mikahawa mingi inafungwa hadi jua lizame. Hiyo si mbaya, futari ya Unguja ni kitu nyingine, lakini ujue kabla. Weka kalenda mbili kando kando ndio ulipe.

Na mchana utafanya nini? Shoo hupamba moto jioni. Wengi hulala hadi saa nane, wakaamka kwenda Forodhani kula urojo. Sawa. Lakini asubuhi moja, kabla jua lichome, nenda Mkunazini, kwa kanisa la Kianglikana lililojengwa penye soko la watumwa lilikuwa. Soko lilifungwa 1873, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huo huo. Kuna maonyesho yanaeleza biashara hiyo ilivyofanywa, na wengi wa waliouzwa pale walitolewa bara, huku huku kwetu. Usiende ukiwa na haraka, na usiende na spika.

Beit el Ajaib, ile nyumba kubwa Sultani Barghash alijenga 1883, ndio iko kwa kila picha ya zamani ya Unguja. Sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020. Mtu akikupangia ziara ya ndani kwa kusoma makala ya 2015, atakusimamisha nje ya uzio. Hiyo ni kanuni ya kila mji: kabla uandike makumbusho kwa ratiba yako, cheki liko wazi mwaka huu, na siku gani ya wiki hulala. Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Mengi Ulaya hufungwa Jumatatu. Mimi nilijifunza hii Jumatatu moja asubuhi nikiwa mbele ya mlango umefungwa, nikila ndizi na mlinzi. Alikuwa mtu poa, lakini sikuwa nimesafiri kumwona yeye.

Kama hauna pasipoti kabisa

Kuna Ubumuntu, Kigali, kila Julai: maigizo na densi kutoka nchi tofauti, kwa uwanja wa wazi ulio kwenye Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari. Hakuna kiingilio, na makumbusho yenyewe pia ni bure. Kitambulisho kinatosha, ingawa basi inapitia Uganda na utakaa sana, na kadi ya njano bado unabeba. Sio sherehe. Usimpeleke mtu anatafuta sherehe. Huyo mpeleke Nyege Nyege, Uganda. Na ukitaka kubaki Kenya, Lamu hufanya tamasha lake la utamaduni, kwa kawaida Novemba, na mbio za punda ni za ukweli, watu wanazichukulia kama fainali.

Sasa tuvuke bahari

Hapa makosa yanaanza kuuma. Chukua Venice. Biennale ya sanaa, yenye ilianza 1895, siku hizi hufanyika miaka ya namba shufwa, kuanzia Aprili ama Mei hadi Novemba. Hiyo inakupa nafasi. Hauhitaji kwenda Agosti na dunia nzima. Enda Oktoba, vyumba vimeshuka bei na foleni zimepungua.

Viza ni ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Siku 15 ni ya vitabu. Nafasi za kupeleka fomu huisha, na wakati mwingine wanataka karatasi zaidi, so mimi ningeanza miezi minne kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na unahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Ukinyimwa, ile ada hairudi.

Wanachotaka kuona ni kwamba uko na maisha yenye utarudia: kazi, masomo, biashara yenye inaingiza kitu kila mwezi. Dem mmoja namjua alikopa kwa marafiki, akajaza akaunti wiki moja kabla ya kutoa statement. Ilionekana hivyo hivyo, kama mtu amejaza akaunti wiki moja kabla. Akanyimwa, na bado alikuwa na deni. Kipimo changu ni hiki: ada ya viza na bima ni pesa unaweza kupoteza zote bila kuona kitu. Kama kuzipoteza kutakufanya ulale njaa ama ukose rent, hiyo safari bado. Rudi Unguja kwanza.

Na usilipe ndege isiyorudishwa kabla ya viza. Wanaomba kuona mpango wa safari. Kuna hoteli na ndege za kushikilia bila kulipa mwisho.

Ukifika, siri ya Venice ni hii: maonyesho makuu mawili, Giardini na Arsenale, yanalipiwa, lakini nchi nyingi huonyesha kwenye nyumba na majumba mjini, na mengi ya hayo ni bure. Unaweza kutembea siku mbili bila kutoa hata yuro.

Sisi tuko na historia yetu huko, na si tamu. Mwaka wa 2013 banda la Kenya lilijaa wasanii wa China na Italia. 2015 likawa linaelekea hivyo tena, wasanii wa Nairobi wakapiga kelele hadi serikali ikajitoa. Michael Soi alichora msururu mzima wa picha kuhusu hiyo aibu. Baadaye wasanii wetu wenyewe walianza kuonekana kwa banda lao. So ukiingia hapo na ukaona jina la mtu wa Kenya ukutani, jua lilipiganiwa.

London ni viza yake tofauti. Ya Schengen haikuingizi. Lakini makumbusho ya taifa hayatozi kiingilio cha maonyesho ya kudumu, so pesa yako yote inaenda kwa nauli na kulala. Kitu moja tu ucheki mapema. Ngadji, ile ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River, ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na iko mikononi mwa British Museum. Haiko kwa maonyesho. Imewekwa stoo. Mtu anaweza kutoka hapa na nia ya kuiona, azunguke vyumba vyote, arudi bila. Makumbusho mengi makubwa yana orodha ya vitu vyao kwa intaneti, na huonyesha kama kitu kiko sakafuni ama kimefichwa. Tafuta kabla utoke.

Nilisema tarehe ya tamasha haisongi. Nilidanganya kidogo. 2024, Dak'Art ya Dakar ilikuwa ianze Mei, ikasongeshwa hadi Novemba zikiwa zimebaki wiki chache tu. Kwa hivyo hata ukiwa na tarehe, kile cha mwisho kulipa ni kile kisichorudishwa.

Sisi tumeanza tena. Jirongo moja kila Ijumaa kwa mtu mmoja anaaminika, wiki 40, hiyo ni thao 20 kabla hata ujisikie. Grupu ilibadilishwa jina, sai inaitwa tu tarehe ya shoo ya kwanza. Sheria ni kwamba hakuna mtu anachanga kabla atume picha ya kadi yake ya njano. Ya kwanza kuingia ilitoka kwa yule jamaa wa mpakani. Ameilaminetia.