Kugawana na kugeuza fonti kwenye kompyuta binafsi za awali

Kugawana na kugeuza fonti kwenye kompyuta binafsi za awali ni desturi na mbinu zilizotumika hasa kati ya miaka 1984 na 2000 ili kunakili faili za fonti kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kuzibadilisha muundo ili zifanye kazi kwenye kompyuta ya aina tofauti. Kwa baadhi ya lugha za Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Herufi ambazo hazikuwemo katika kompyuta za kawaida ziliwekwa ndani ya fonti maalumu, hivyo aliyepokea maandishi bila fonti yake hakuweza kuyasoma sawasawa. Maandishi ya aina hiyo bado yapo katika disketi na kompyuta za zamani.

## Namba na maumbo

Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi ndani ya maandishi, inahifadhi namba. Neno "mama", kwa mfano, huhifadhiwa kama 109, 97, 109, 97. Fonti ni faili inayoieleza kompyuta ichore umbo gani kwa kila namba. Mtu akibadilisha fonti, namba hazibadiliki. Yanabadilika maumbo tu.

Msimbo wa ASCII, uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1963, una nafasi 128. Herufi zote zinazohitajika kuandika Kiswahili zimo ndani yake. Kompyuta binafsi zilizofuata zilitumia baiti moja kwa kila herufi, yaani nafasi 256. Nafasi 128 za kwanza zilifuata ASCII, lakini zile za juu kila kampuni ilizijaza kwa namna yake. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na orodha yake, Macintosh ilikuwa na orodha iliyoitwa Mac Roman, na baadaye Windows ikawa na orodha iitwayo Windows-1252. Tofauti hizo ndizo chanzo cha matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini.

## Historia ya miundo ya fonti

Macintosh, iliyotolewa mwaka 1984, ilikuja na fonti zilizochorwa kwa nukta, zikiwemo Chicago, Geneva na Monaco. Kila ukubwa wa herufi ulihitaji mchoro wake. Herufi ikikuzwa kupita ukubwa uliochorwa, kingo zake zilionekana kama ngazi.

Mwaka 1985 printa ya LaserWriter ya Apple ilileta lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe. Humo herufi ilielezwa kwa mistari iliyonyooka na iliyopinda, hivyo iliweza kuchapwa safi kwa ukubwa wowote. Fonti bora za Adobe ziliitwa Type 1, na maelezo ya muundo wake yalibaki siri hadi yalipochapishwa mwaka 1990. Apple ilibuni muundo mwingine, TrueType, uliotoka pamoja na mfumo wa System 7 mwaka 1991. Microsoft iliuingiza katika Windows 3.1 mwaka 1992, pamoja na fonti za Arial, Times New Roman na Courier New.

Tangu mwaka 1986 programu ya Fontographer ya kampuni ya Altsys ilimwezesha mtu mwenye kompyuta ya kawaida kuchora fonti yake au kurekebisha iliyopo. Kazi iliyokuwa ya viwanda vya kutengeneza herufi za risasi ikaweza kufanyika mezani.

## Kugawana kwa disketi

Fonti nyingi zilisafiri kwa disketi. Disketi za Macintosh za mwaka 1984 zilibeba kilobaiti 400. Zile zilizoenea baadaye zilibeba megabaiti 1.44. Faili ya TrueType yenye herufi za Kilatini mara nyingi ilikuwa na kilobaiti 30 hadi 70, kwa hiyo disketi moja iliweza kubeba fonti ishirini au zaidi.

Hata hivyo kunakili hakukutosha kila mara. Fonti ya Type 1 ilikuwa na zaidi ya faili moja. Kwenye Windows, faili ya PFB ilibeba maumbo na faili ya PFM ilibeba upana wa herufi. Kwenye Macintosh kulikuwa na faili ya kioo na faili ya printa. Aliyenakili ile ya kioo peke yake aliona maandishi yake vizuri, lakini karatasi ilitoka na herufi zenye kingo za ngazi au kwa fonti nyingine kama Courier.

Tatizo la pili lilihusu namna Macintosh ilivyohifadhi faili. Kila faili iliweza kuwa na sehemu mbili, na fonti zilikaa katika sehemu ya pili. Mifumo ya DOS na Windows iliijua sehemu ya kwanza tu. Fonti ikipitishwa huko bila kufungwa kwanza kwa programu kama BinHex au StuffIt, iliweza kufika ikiwa tupu.

## Kugeuza muundo

Programu kama FontMonger na Fontographer ziliweza kusoma fonti ya muundo mmoja na kuiandika upya katika mwingine. Matokeo hayakuwa sawa kabisa na fonti ya awali, kwa sababu kadhaa:

- Mistari iliyopinda: Type 1 hueleza kila mpindo kwa nukta nne, TrueType kwa nukta tatu. Mpindo wa TrueType unaweza kuandikwa kwa njia ya Type 1 bila kupotea kitu. Kinyume chake ni makadirio tu.
- Vipimo: Type 1 kwa kawaida hugawa kimo cha fonti katika sehemu 1,000, ilhali TrueType mara nyingi hutumia 2,048. Namba hulazimika kukaribishwa, na nguzo mbili za herufi "m" zaweza kutofautiana unene.
- Maelekezo ya kuchora: fonti nzuri huwa na maelekezo yanayosaidia herufi ndogo zionekane vizuri kwenye kioo. Mara nyingi yalipotea wakati wa kugeuza.
- Upana: upana wa herufi ukibadilika hata kidogo, mistari hukatika mahali pengine na kurasa za kitabu huhama.

## Lugha za Afrika Mashariki

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa baadaye. Hapo kompyuta binafsi zilipoanza kuenea, ziliingia zikiwa na orodha za herufi zilizopangwa Marekani na Ulaya.

### Kiswahili na ng'

Kiswahili kilipata taabu ndogo, na taabu yenyewe ilikuwa katika ritifaa ya "ng'". Ritifaa iliyonyooka ipo katika ASCII, nafasi ya 39. Lakini programu nyingi za kuandikia ziliigeuza zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika ASCII. Mac Roman iliiweka nafasi ya 213 na Windows-1252 nafasi ya 146. Maandishi yakihamishwa bila kugeuzwa, neno "ng'ombe" lililoandikwa kwenye Macintosh lilionekana "ngÕombe" kwenye Windows, na lililoandikwa kwenye Windows lilionekana "ngíombe" kwenye Macintosh.

### Gĩkũyũ na Kikamba

Gĩkũyũ na Kikamba, lugha za Kenya, zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Sauti hizo si mapambo: ĩ ni tofauti na i kama vile katika Kiswahili e ilivyo tofauti na i. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o linazo zote mbili. Herufi hizo zilikuwemo katika orodha ya ISO 8859-4, iliyokusudiwa lugha za kaskazini mwa Ulaya na Greenland, lakini hazikuwemo katika Windows-1252 wala Mac Roman.

Mwandishi alikuwa na njia tatu: kuacha alama na kuandika "Gikuyu", kutumia herufi za Kifaransa zinazofanana kidogo, yaani î na û, au kutumia fonti iliyorekebishwa. Katika njia ya tatu, mtengenezaji alifungua fonti ya kawaida, akafuta umbo la î katika nafasi ya 238 na la û katika nafasi ya 251, kisha akachora ĩ na ũ mahali pake. Kioo na karatasi vilionyesha herufi sahihi, ingawa ndani ya faili namba zilibaki za î na û. Akimpa mwenzake faili bila fonti, mwenzake aliona "Gîkûyû". Faili hiyo ikifunguliwa kwenye Macintosh bila kugeuzwa, ambako nafasi hizo ni za alama nyingine, neno lilisomeka "GÓk˚y˚".

### Lugha za Tanzania zenye ɨ na ʉ

Si kila lugha ilihitaji fonti maalumu. Kibena, kinachozungumzwa Njombe na Makambako, kina irabu tano kama Kiswahili, na herufi za kawaida zinakitosha. Kinyakyusa, kinachozungumzwa Tukuyu na Kyela, kina irabu saba, na mwandiko wake mmojawapo hutumia ɨ na ʉ. Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, iko kati ya maeneo hayo mawili. Huko Kondoa, Warangi nao huandika ɨ na ʉ, na lugha yao wenyewe huiita Kɨlaangi.

Kwa lugha za namna hiyo shirika la SIL International lilitoa katika miaka ya 1990 mfumo wa SIL Encore, uliomwezesha mtumiaji kuchagua maumbo kutoka hazina kubwa na kujitengenezea fonti ya lugha moja. Faida yake ilikuwa kubwa, lakini mradi mmoja uliweza kuweka ɨ katika nafasi moja na mwingine katika nafasi tofauti. Kugawana maandishi kukawa ni kugawana fonti pia.

### Mwandiko wa Ethiopia

Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa Kiamhari. Herufi zake 33 za msingi zina maumbo saba kila moja, yaani 231, kabla ya kuhesabu tarakimu, alama za vituo na maumbo ya ziada. Nafasi 256 hazikutosha, hivyo mwandiko mmoja uligawanywa katika fonti mbili au zaidi.

## Hakimiliki

Fonti ni programu ya kompyuta, na leseni za kampuni kwa kawaida ziliruhusu itumike kwenye mashine chache tu. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahesabu programu za kompyuta kati ya kazi zinazolindwa. Hapo palikuwa na mgongano: mwandishi aliyerekebisha fonti ya kampuni ili aandike lugha yake hakuweza kusomwa bila kuigawa, na leseni ilimkataza kuigawa.

Mwaka 2005 SIL ilitoa leseni huria ya fonti, SIL Open Font License, inayoruhusu kutumia, kurekebisha na kugawa fonti bure, mradi isiuzwe peke yake na iliyorekebishwa ibaki chini ya leseni hiyohiyo. Kati ya fonti zinazotolewa kwa leseni hiyo ni Andika, iliyobuniwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Jina lake ni neno la Kiswahili.

## Unicode

Unicode, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, hutoa namba moja isiyobadilika kwa kila herufi ya miandiko yote. Humo ĩ haigombanii nafasi na î. Kazi hiyo haikukamilika kwa siku moja: mwandiko wa Ethiopia uliingizwa mwaka 1999, na herufi kubwa Ʉ mwaka 2006. Kabla ya hapo mwandishi aliweza kuandika ʉ ndogo kwa Unicode, lakini hakuweza kuanza sentensi nayo.

Kwa sababu namba zimetengana na fonti, maandishi ya leo husomeka kwa fonti yoyote iliyo na herufi zinazohitajika. Fonti za Type 1 zimepitwa na wakati. Adobe iliacha kuziunga mkono katika programu zake Januari 2023.

## Kuokoa maandishi ya zamani

Maandishi yaliyoandikwa kwa fonti iliyorekebishwa hayageuki kuwa Unicode kwa kubadilisha fonti tu, kwa kuwa namba zake ni za herufi nyingine. Huhitajika jedwali linaloonyesha kila namba ya zamani na herufi yake ya Unicode. Kisha programu kama TECkit ya SIL hulitumia kugeuza faili nzima. Ni lazima kutenganisha sehemu za faili kwa fonti zake, kwa maana namba 238 yaweza kuwa ĩ katika aya ya Gĩkũyũ na î katika neno la Kifaransa kwenye ukurasa uleule.

Jedwali hilo hutengenezwa kwa kuitazama fonti yenyewe. Kwa hiyo mwenye disketi za zamani anapaswa kuhifadhi fonti pamoja na maandishi, na kama upo, mfano uliochapwa kwenye karatasi. Fonti ikipotea, karatasi ndiyo itakayoonyesha kila namba ilisimamia herufi gani.