Mama Anapokuja Kututembelea

Binti anapojifungua hapa Birmingham humtamani mama yake aje kutoka Tanga au Mombasa, akae walau mwaka. Haiwezekani. Viza ya mgeni hutolewa hata ya miaka 10, lakini kwa jamaa anayetembelea kikomo cha kila safari ni miezi 6. Afisa hutaka kuridhika kwamba mama atarejea: basi aoneshe hati ya shamba, pensheni, wajukuu anaowalea huko. Fedha zilizomiminwa benki ghafla humtia shaka kuliko akiba ndogo ya siku nyingi. Haki kamili ya rufaa kwa jamaa watembeleao ilifutwa Juni 2013. Akikataliwa, aghalabu huomba upya na kulipa ada upya. Tiketi tusinunue kabla ya jibu.